Portobello ya Edinburgh: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mgeni ninayempeleka Portobello huniuliza yale yale, na wengi huanza kuuliza tukiwa bado ndani ya basi. Nimeyapanga hapa: mepesi mwanzoni, ya wabishi mwishoni. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, nimekuelekeza kwenye namba ya swali.

## Kwanza kabisa

1. Portobello ni nini hasa: mji, kijiji au mtaa?

Kiutawala ni mtaa wa jiji la Edinburgh, Uskoti, kilomita kama 5 mashariki ya katikati ya jiji, kando ya Firth of Forth, ile hori pana ambamo mto Forth unaingia baharini. Lakini kuanzia 1833 hadi 1896 Portobello ilikuwa mji unaojitegemea, wenye baraza lake na mkuu wake aliyeitwa provost.

Wenyeji huiita Porty. Wakipanda basi kwenda katikati ya Edinburgh husema wanakwenda mjini, kama Mzanzibari wa shamba anavyosema, ingawa kwenye ramani wako mjini tayari.

2. Inahusiana na uyoga wa portobello? Na ile barabara ya London?

Uyoga, hapana. Ule ni uyoga wa kahawia, wa spishi moja na ule mweupe wa kawaida wa madukani, ulioachwa ukakomaa, na haukuzaliwa hapa. Barabara ya Portobello ya London ni ndugu wa jina: yote mawili yametokana na vita vimoja, vinavyoelezwa katika swali la 3. Dublin nako kuna Portobello.

3. Jina la Kihispania limefikaje Uskoti?

Kwa meli. Mwezi Novemba 1739 Admirali Edward Vernon wa Uingereza aliuteka mji wa Portobelo, ulioko Panama ya leo, akiwa na manowari sita tu. Portobelo ilikuwa bandari kubwa ya Wahispania: fedha ya Amerika Kusini ilisafirishwa kupitia hapo, na watumwa kutoka Afrika waliuzwa hapo. Habari ya ushindi ilipofika Uingereza watu walishikwa na wazimu wa kuita kila kitu jina la Vernon au la Portobelo. Hata shamba la Mount Vernon, lililokuja kuwa la George Washington, liliitwa hivyo kwa ajili ya admirali huyo, maana kaka yake Washington alitumika chini yake.

Upande wa Edinburgh, inasimuliwa kwamba baharia aitwaye George Hamilton, aliyekuwemo kwenye vita hivyo, alijenga nyumba ndogo mwaka 1742 kando ya barabara ya kwenda mji jirani wa Musselburgh, akaiita Portobello Hut, yaani kibanda cha Portobello. Mahali pakachukua jina la kibanda. Sisi tuliozoea miji iliyoitwa majina ya visima, miti na wazee hatushangai sana.

4. Hii ni bahari kweli au ni mto? Mbona naona nchi ng'ambo?

Ni bahari. Maji ni ya chumvi, yanapwa na kujaa, na wakati wa bamvua tofauti ya kina hukaribia mita 5, kwa hiyo mchanga uliouacha asubuhi huenda usiukute jioni. Nchi unayoiona ng'ambo ni Fife, sehemu nyingine ya Uskoti. Kisiwa kilicho katikati ni Inchkeith, na ukitazama mashariki siku ya anga safi utaona Bass Rock, jabali jeupe kwa ndege na kinyesi chao.

Ufukwe unatazama kaskazini-mashariki. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam atajihisi nyumbani kwa jambo moja: majira ya kiangazi jua huchomoza upande wa maji. Joto lake ni habari nyingine (swali la 15).

5. Mchanga huu ni wa asili?

Nusu nusu. Mchanga wa awali ulipungua sana kwa miaka mingi, na mwaka 1972 ufukwe ulijazwa mchanga uliochimbwa chini ya bahari jirani. Zile kuta fupi za mbao zinazoingia majini ziliwekwa ili kuuzuia usihame.

## Ulivyokua na ulivyomezwa

6. Kabla ya mji palikuwa na nini?

Palikuwa na nyika ya vichaka vya miiba na mchanga iliyoitwa Figgate Whins. Zamani watawa wa abasia ya Holyrood walichungia ng'ombe wao hapo. Kilichobadilisha mambo ni udongo. Katika miaka ya 1760 mjenzi William Jameson alichukua ardhi hiyo, akagundua tabaka nene la mfinyanzi karibu na kijito cha Figgate, akaanzisha kiwanda cha matofali na vigae. Edinburgh wakati huo ilikuwa inajenga mtaa wake mpya wa kifahari, na matofali yalitakiwa.

Baada ya matofali zikaja kazi nyingine: ufinyanzi wa vyombo, chupa za glasi, sabuni, karatasi. Wageni wengi hudhani Portobello ilizaliwa kwa ajili ya kuogelea. Ilizaliwa kwa ajili ya tope.

7. Basi waogaji walianza kuja lini?

Kufikia 1795 tayari kulikuwa na vibanda vya mbao vyenye magurudumu, vinavyokokotwa na farasi hadi majini ili mtu avue nguo na kuingia baharini bila kuonwa. Madaktari wa enzi hizo waliamini maji ya chumvi ni dawa, na wenye pesa wakajenga nyumba za mapumziko. Ndizo zile nyumba za mawe zilizonyooka katika mitaa inayoshuka baharini.

Mchanga ulikuwa na kazi nyingine pia: askari wapanda farasi waliufanyia mazoezi. Mwandishi Walter Scott alikuwa mmoja wao, na hapo ndipo farasi alipompiga teke akalazwa siku kadhaa. Agosti 1822 Mfalme George IV, kwenye ziara ambayo Scott huyo huyo aliisimamia, alikagua gwaride la wapanda farasi hapa hapa ufukweni mbele ya umati mkubwa.

Kisha ikaja reli ya 1846, na wafanyakazi wa Edinburgh nao wakaweza kuja kwa siku moja na kurudi. Mwaka 1871 likajengwa gati la matembezi lenye urefu wa futi 1,250, karibu mita 380. Mhandisi wake alikuwa Thomas Bouch. Jina hilo Waskoti wanalikumbuka kwa sababu nyingine: daraja lake la mto Tay lilianguka na treni juu yake usiku wa Desemba 28, 1879. Gati la Portobello halikuanguka. Lilichakaa tu, likavunjwa 1917.

8. Hadhi ya mji ilipatikana vipi?

Kwa mageuzi ya Bunge. Sheria ya uchaguzi ya 1832 iliiweka Portobello pamoja na Leith, mji wa bandari jirani, na Musselburgh katika jimbo moja la uchaguzi, na mwaka 1833 ikapata haki ya kuchagua baraza lake. Kwa neno la Kiskoti ilikuwa burgh. Ukiona neno hilo kwenye jiwe la jengo la zamani, maana yake ni mji wenye mamlaka yake.

9. Kwa nini ukaunganishwa na Edinburgh 1896? Walilazimishwa?

Hapa watu huchanganya Portobello na Leith. Leith ndiyo iliyolazimishwa: mwaka 1920 wakazi wake walipiga kura, wengi mno wakakataa na wachache tu wakakubali, na bado wakaunganishwa. Hadi leo kuna watu wa Leith wanaoizungumzia siku hiyo kama msiba wa juzi.

Portobello ilikuwa ndoa yenye mahari. Mji mdogo ulikuwa na mahitaji makubwa, nao mji mkubwa ulikuwa unapanuka kuuelekea. Makubaliano ya 1896 yalikuja na ahadi za majengo: nyumba ya kuogea ya kisasa na ukumbi mpya wa mji. Nyumba ya kuogea ilifunguliwa 1901, miaka mitano baadaye. Ukumbi ulifunguliwa 1914. Hebu hesabu mwenyewe: mahari ya mwisho ilichukua miaka 18.

Kama unapenda mifano mingine, soma habari za Broughty Ferry, mji wa pwani uliomezwa na Dundee mwaka 1913.

10. Kuna dalili gani ya ule mji wa zamani?

Nyingi, ukijua pa kutazama. Barabara kuu, High Street, bado ni barabara kuu ya mji kamili, na siyo mtaa wa maduka mawili matatu. Juu yake utaona jengo la baraza la miaka ya 1870 lenye minara midogo kama ya ngome, ambalo baadaye lilitumiwa na polisi, na mbele kidogo ule ukumbi wa 1914. Ukumbi huo ulifungwa 2019 kwa sababu ya hali ya dari yake, na sasa unaendeshwa na wenyeji wenyewe.

Shuka upande wa Bridge Street uone matanuri mawili ya ufinyanzi yenye umbo la chupa kubwa la matofali, ya mwaka 1906 na 1909. Yalikuwa ya kiwanda cha Buchan, kilichohamia mji wa Crieff mwaka 1972. Yamesimama katikati ya majumba ya kisasa kama wazee wawili waliokataa kuondoka harusini. Binafsi naona ndiyo kitu cha maana kuliko vyote hapa, na wageni wengi huyapita wakikimbilia aiskrimu.

Karibu na ufukwe kuna mnara wa 1785 uliojengwa na mwanasheria John Cunningham kwa kuchanganya matofali na mawe ya kuchongwa yaliyotoka kwenye majengo ya kale yaliyobomolewa. Utazame kwa karibu: madirisha hayafanani.

## Burudani zilizokufa na zilizo hai

11. Ni kweli palikuwa na bwawa la mawimbi? Liko wapi?

Lilikuwepo, na halipo. Lilifunguliwa 1936, kubwa, la wazi, lenye mashine ya kutengeneza mawimbi, na maji yake yalipashwa kwa joto la kituo cha umeme kilichokuwa jirani. Yaani watu waliacha mawimbi ya bure hatua chache kutoka hapo wakalipa kiingilio kuyapata ya mashine. Ukishatia mguu kwenye bahari yenyewe utawaelewa.

Sean Connery, kabla hajawa mwigizaji, alikuwa mlinzi wa waogeleaji kwenye bwawa hilo. Kituo cha umeme kilifungwa 1977, bwawa likafungwa 1979, na baadaye likabomolewa. Leo mahali hapo pana viwanja vidogo vya mpira.

12. Niliona picha ya zamani ya Waafrika kwenye vibanda vya nyasi, imeandikwa Portobello. Ni ya kweli?

Ndiyo. Upande wa Seafield palikuwa na uwanja mkubwa wa starehe ulioitwa Marine Gardens, uliofunguliwa 1909, wenye ukumbi wa dansi, muziki na michezo ya kila namna. Miongoni mwa vivutio vyake vya miaka ya mwanzo kilikuwamo "kijiji cha Wasomali": wanaume, wanawake na watoto kutoka Pembe ya Afrika waliowekwa kwenye vibanda ili watu wa Edinburgh walipe na kuwatazama wakipika na kuishi.

Maonyesho ya namna hiyo yalizunguka miji mingi ya Ulaya wakati huo, kwa hiyo haikuwa aibu ya Portobello peke yake. Lakini ilikuwapo, na majina ya watu hao hayamo kwenye jiwe lolote ufukweni. Vita vya 1914 vilipoanza, jeshi lilichukua uwanja. Leo eneo hilo ni gereji ya mabasi.

13. Hamamu iko Uskoti?

Iko, ndani ya ile nyumba ya kuogea ya 1901 iliyotajwa katika swali la 9. Inatazama bahari, na mchoraji wake ni Robert Morham, msanifu wa majengo wa jiji. Mabwawa yake zamani yalijazwa maji ya bahari. Vyumba vya joto vya mtindo wa Kituruki bado vinafanya kazi, jambo la nadra sana Uskoti. Ulizia mapema siku na saa kabla ya kwenda.

14. Nani maarufu alizaliwa hapa?

Harry Lauder, mwimbaji na mchekeshaji aliyejulikana dunia nzima enzi zake, alizaliwa Bridge Street mwaka 1870. Hugh Miller, mtaalamu wa miamba na mhariri wa gazeti, hakuzaliwa hapa, ila aliishi na kufa hapa 1856. Connery ni wa Edinburgh, mtaa wa Fountainbridge. Msidanganyike.

## Ukienda leo

15. Naweza kuogelea?

Unaweza, na utawaona watu wakiogelea hata Januari, wengi wao kina mama wa makamo wenye kofia za sufu, wanacheka. Usiwaige siku ya kwanza. Wakati wa baridi maji huwa nyuzi 5 au 6, na kiangazi hufika 14 au 15 hivi. Kwa aliyekulia kwenye maji ya nyuzi 27, hata Agosti ni mshtuko wa kukata pumzi, na hilo si neno la kupamba: maji baridi hukufanya uvute pumzi bila kutaka, na hapo ndipo watu humeza maji.

Ingia polepole, usipige mbizi, usiende peke yako, na uwe na nguo kavu na chai ya moto ufukweni. Dakika chache zinatosha.

16. Maji ni safi?

Inategemea mvua. Mabomba ya kale ya Edinburgh hubeba maji ya mvua na maji taka pamoja, na mvua kubwa ikinyesha yanafurika kuelekea baharini. Ufukwe una sehemu mbili zinazopimwa rasmi, magharibi na katikati, na msimu wa vipimo ni Juni 1 hadi Septemba 15. Tazama ubao wa elektroniki ulio ufukweni au tovuti ya mamlaka ya mazingira, SEPA. Kanuni yangu ni nyepesi zaidi: mvua ikinyesha kwa nguvu, siku hiyo na inayofuata natembea tu.

17. Nafikaje?

Basi la 26 hupita katikati ya Edinburgh na kushika High Street ya Portobello. Treni hakuna: stesheni ilifungwa 1964, na ya karibu sasa ni Brunstane, mwendo wa miguu. Tramu za zamani zilikoma 1956, na hizi mpya zinaishia Newhaven, usizipande. Gari siku ya jua liache nyumbani, utazunguka mpaka jua lizame.

18. Twende mwezi gani, na tule nini?

Mei na Juni. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na ukifika saa mbili jioni utakuta watoto bado wanajenga ngome za mchanga. Desemba giza huingia kabla ya saa kumi jioni, lakini anga yake ina rangi ambazo Juni haina.

Kuhusu kula: samaki na chipsi. Ukiulizwa kama unataka chumvi na sosi, kubali. Sosi hiyo ya kahawia, nyepesi na ya ugwadu, ni mila ya Edinburgh, na mtu wa Glasgow akiwepo atadai siki ndiyo sahihi. Waache wabishane, wewe linda chipsi zako dhidi ya shakwe. Ndege hao hawaombi.

## Maswali ya wabishi

19. Joppa nayo ni Portobello?

Ilikuwa ndani ya mji wa Portobello, upande wa mashariki, na ufukwe wao ni mmoja. Lakini mtu wa Joppa atakwambia Joppa ni Joppa. Jina ni lile lile la Yafa ya Biblia, alikopandia merikebu nabii Yona. Walichemsha chumvi ya bahari huko kwa muda mrefu, na ndiyo maana bado utasikia jina Joppa Pans.

20. Nasikia wakazi walinunua kanisa. Inawezekanaje?

Kwa sheria. Uskoti ina sheria inayowapa wakazi wa eneo nafasi ya kwanza kununua ardhi au jengo linapouzwa, wakijiandikisha na kuonyesha kwamba jamii inaunga mkono. Mwanzoni ilikuwa ya vijijini tu. Sheria ya 2015 ikaifungulia milango miji, kuanzia 2016.

Portobello ikawa ya kwanza mjini kuitumia hadi mwisho. Kanisa la 1809 lilikuwa linauzwa, wakazi wakaunda chombo kiitwacho Action Porty, wakapata fedha za mfuko wa ardhi wa Uskoti, na 2017 wakalinunua. Sasa linaitwa Bellfield na ni ukumbi wa kila shughuli, tangu michezo ya watoto hadi harusi. Mtaa usio na baraza lake tangu 1896 umejipatia mali ya umma kwa mlango wa nyuma.

21. Na ule ugomvi wa shule?

Jiji lilitaka kujenga shule mpya ya sekondari kwenye bustani ya Portobello Park. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani, wakisema bustani ni mali ya pamoja ya wananchi na baraza halina ruhusa ya kuitumia hivyo. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao. Baraza halikukata tamaa: liliomba Bunge la Uskoti litunge sheria maalumu kwa ajili ya bustani hiyo moja, ikapitishwa 2014, na shule ikafunguliwa 2016.

Usiniulize nani alikuwa sahihi. Nimekaa meza moja na pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na watoto.

22. Wanaweza kujitenga tena wawe mji?

Kwa maana ya zamani, hapana, kwa sababu chombo chenyewe hakipo. Mabaraza yote ya burgh Uskoti yalifutwa Mei 1975. Musselburgh, jirani aliyebaki huru mwaka 1896, naye alipoteza baraza lake siku hiyo akaingizwa wilaya ya East Lothian. Kwa hiyo Portobello ilitangulia tu kwa miaka 79.

Leo inapiga kura katika kata ya Portobello/Craigmillar kuchagua madiwani wa jiji, na ina baraza la jamii ambalo hushauri lakini halitozi kodi.

23. Kwenye bahasha niandike Portobello au Edinburgh?

Edinburgh, na msimbo unaoanza na EH15. Posta haihitaji neno Portobello. Wenyeji huliandika hata hivyo, mstari wa juu yake, na barua zinafika.